Kisanduku cha Nyumba ya Juu

Mwaka wa 1969, nikiwa na miaka tisa, baba yangu alikufa, na taabu yangu ikaanza hapo. Shule niliiacha darasa la tatu. Mama hakuweza kutulisha sote, kwa hiyo mimi niligawiwa ndugu: leo kwa mjomba, msimu ujao kwa shangazi. Kila nyumba niliyofika ilikuwa na mahali pangu, napo palikuwa mlangoni. Nilikula nimesimama mlangoni. Mjomba mmoja alikuwa na redio, na watu walipojaa ndani kuisikiliza mimi niliisikilizia nje, bega likiegemea mwimo wa mlango. Hakuna aliyenikataza kuingia. Hakuna aliyesema ingia, pia.

Nasema haya ili mtu aelewe kwa nini mzee kama mimi alihangaika na kisanduku cha televisheni hadi watu wa kijiji chetu cha Kiogoro wakanicheka. Si kwamba napenda picha. Picha zinanichosha. Nilichotaka ni watu waketi nyumbani kwangu.

Nilianza kwa kubebea mafundi mchanga, nikawa fundi wa mawe mwenyewe. Nimejenga madarasa, makanisa na nyumba za watu wa majani chai upande wa Nyamira, na nyingi za hizo nikipita leo naziona zimesimama wima kuliko wenyewe. Sina cheti. Anayetaka cheti aende akasukume ukuta. Nilipojenga kwangu nilianza na sebule kabla ya vyumba vya kulala. Mafundi wenzangu walinicheka, “Utalala kwenye viti?” Nikawaambia nimelala pabaya kuliko viti. Sebule hiyo ni kubwa. Kuta zake nilizifanya nene kuliko za mteja yeyote, mawe ya kuchongwa pande zote, na ukuta wa upande wa chini niliuwekea shubaka la kukaa televisheni, bila dirisha, ili mwanga usisumbue macho ya wageni. Miaka mingi ilikuwa hivyo. Watoto walikaa, majirani walikaa, mke wangu alikaa akifuma vitambaa vya viti. Mke wangu ananiita Mogaka, yaani mzee, nami namwita Mong'ina, bibi kizee. Tumezeeka wote, hakuna wa kukasirika.

Halafu mwanangu wa mwisho akaoa. Yeye ni dereva wa lori, wiki nyingi yuko barabarani. Akajenga nyumba yake chini kidogo ya yangu, kama ilivyo desturi, na kwa sababu hakai nyumbani akataka mke na watoto wasichoke na upweke. Akaleta watu wa intaneti wakafunga sahani paani. Akaleta televisheni bapa. Akaleta na kijiti, kitu kidogo kama kiberiti, kinachochomekwa nyuma ya televisheni na kushika waifai. Ukiwa na simu mkononi unaitafuta sinema, unabonyeza, inaruka hewani hadi kwenye kioo. Hakuna waya kati.

Tangu kijiti kiingie, sebule yangu ilikufa. Wajukuu walishuka. Majirani walishuka. Mke wangu naye akawa akimaliza kazi za jioni anajifunga leso na kusema, “Nakwenda kuwaangalia watoto.” Watoto gani? Walikuwa na mama yao. Alikwenda kuangalia mchezo wa kuigiza.

Mimi singeweza kushuka. Kwetu baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hiyo tunaiita chinsoni, heshima ya kuoneana haya kati ya wazazi na watoto waliokomaa, na mkaza mwana ndiye huoneana haya zaidi na baba mkwe. Ningeweza kufika uani kwao. Ningeweza kuita kutoka nje. Kuvuka kizingiti, hapana. Kwa hiyo jioni nilikuwa nakwenda kutazama lango kama limefungwa. Narudi. Naketi. Nasikia wanacheka huko chini. Nainuka, nakwenda kutazama ng'ombe kama ana maji. Ana maji. Narudi. Siku moja nikajikuta nimesimama nyuma ya nyumba ya mwanangu, bega ukutani, nikisikiliza televisheni yao. Mtu wa umri wangu, mwenye nyumba ya mawe. Niliondoka hapo kama niliyemwagiwa maji ya moto.

Asubuhi nikavaa koti, nikaenda Kisii mjini.

Duka lenyewe ni la mama mmoja aliyetoka kaunti za ziwa, mwenye sauti ya kutosha soko zima. Nilimwambia nataka kitu kama cha mwanangu, kampuni ile ile, lakini kikubwa.

“Mzee, kikubwa kwa nini? Unataka kukikalia?”

“Mimi ndiye baba. Siwezi kuwa na kidogo kuliko mtoto.”

Akanitolea vitu viwili. Kimoja kijiti. Kingine kisanduku cheusi, bapa, chenye rimoti yake. Nilivipima mkononi, kimoja huku, kingine huku, jinsi ninavyopima jiwe.

“Hiyo si simenti,” akasema. “Hainunuliwi kwa uzito.”

“Nyinyi watu wa samaki mnapimia nini? Kwa harufu?”

Alicheka hadi wateja wengine wakageuka. “Na nyinyi watu wa ndizi mnanunua kila kitu kwa mkungu! Haya, niambie kwanza. Televisheni yako nyuma ina tundu kama hili?” Akanionyesha mdomo wa waya. Nilisema linalo, nilikuwa nimelitazama kwa tochi kabla ya kutoka. “Na waifai iko wapi?”

“Nyumba ya kijana.”

“Mbali?”

“Ukiita, wanasikia.”

“Nyumba yako ni ya nini?”

Nikamweleza kuta zangu. Nilizieleza vizuri, kona kwa kona. Yule mama akatikisa kichwa. “Basi umejenga jela, mzee. Waifai si mwizi, haitoboi ukuta. Chukua kisanduku, hicho kinashika mbali kidogo. Lakini ukiwa na dirisha upande wa kijana, kiweke hapo.”

Upande huo haukuwa na dirisha. Sikumwambia.

Kukifunga kulihitaji mtu anayejua simu, na kwetu aliyejua ni mkaza mwanangu. Ni binti wa watu wa Nyamira, mpole, kazi zake safi. Alikuja mchana pamoja na mke wangu. Alipoingia sebuleni mimi nilitoka, ndivyo tunavyofanya, nikawa nazunguka nyumba nikiuliza maswali kupitia dirisha la mbele.

“Imefika wapi?”

“Mogaka, tulia, hata hatujachomeka,” mke wangu akajibu.

“Na sasa?”

“Kuna kiduara kinazunguka.”

Kiduara kilizunguka mchana wote. Picha ilitokea, ikaganda mtangazaji akiwa amefumba macho nusu, ikapotea. Mkaza mwanangu akamnong'oneza mke wangu, mke wangu akanitangazia: mawimbi hayapiti ukuta wa shubaka. Tuhamishe televisheni ikae karibu na mlango.

Televisheni ikae mlangoni! Nilikataa. Shubaka lilikuwa na sababu yake, na mlango nilishaujua vya kutosha. Siku ya pili nilileta tindo na nyundo, nikatoboa ukuta wangu kando ya shubaka. Kazi hiyo ilinitoa jasho kuliko ya kuujenga. Kijana wa jirani akapita njiani akasema, “Mzee, umesahau ufunguo?” Nilikata dirisha lenye kimo cha mtu aliyeketi, nikalipiga lipu, nikaweka fremu. Vioo nikasema nitaweka baadaye. Nilipochungulia niliona moja kwa moja dirisha la mwanangu, pazia na yote.

Mkaza mwanangu akarudi. Safari hii kiduara kilizunguka kidogo, kikaacha. Nami nje nikasikia mke wangu akisema, “Inauliza jina.”

“Jina la nani?”

“La kisanduku. Simu inataka kujua kiitweje.”

“Kiitwe mimi! Nani alikinunua? Andikeni majina yangu yote matatu, kama yalivyo kwenye hati ya shamba.”

Ndani kulikuwa kimya. Nikauliza kama wamesikia. Kisha mke wangu akasema, “Tayari, Mogaka. Ingia uone.” Mkaza mwanangu akatokea mlango wa jikoni, mimi nikaingia wa mbele, na kwenye kioo kulikuwa na kwaya inaimba, picha safi hata meno yao unaweza kuyahesabu.

Watu walirudi. Si wote, lakini walirudi. Mke wangu alileta kikapu chake cha nyuzi, akaketi. Wajukuu walipanda wakagombania zulia. Mimi bado sikuweza kutulia. Niliinuka kila mara kuona kama kisanduku kimepata moto, nikakigusa, nikaketi. “Unakipima homa?” mke wangu aliuliza. Acha aulize. Alikuwa ameketi kwangu.

Jumapili moja alasiri nilikaribisha wazee wawili wa kanisa letu. Nilitaka waone. Mke wangu aliwapa chai na ndizi za kuchemsha, tukaweka mahubiri, mhubiri akawa ananyoosha kidole. Ghafla mhubiri akakatika. Kioo kikawa cheusi, na kilipowaka walikuwapo mwanamume na mwanamke kitandani, na shughuli yao haikuwa imeanza dakika hiyo. Na sauti! Ile televisheni haikuwahi kutoa sauti kubwa namna ile.

Nilishika rimoti nikabonyeza kila kitu. Sauti ikaongezeka. Mzee mmoja alitazama juu akasema, “Hii dari ulipiga mwenyewe?” Mwingine aliinamia viatu vyake kama vile vimemwita. Mke wangu aliruka na kitambaa alichokuwa akifuma, akakitupa juu ya kioo, na kwa kuwa ni cha matundu wale watu wakaendelea kuonekana vipande vipande. Mwishowe niling'oa waya ukutani.

Wazee hawakumaliza chai.

Jumatatu nilikuwa dukani kabla halijafunguliwa. Yule mama wa samaki alinikuta nikitembea mbele ya mlango wake huku na huko.

“Kisanduku chako kina pepo,” nikamwambia. Nikamweleza, kwa kuruka sehemu nyingi.

Alijishika kiuno. “Mzee, pepo hana simu. Kuna mtu kwenu alirusha sinema kwake ikaangukia kwako. Nyumba zote mbili zinatumia waifai moja, sivyo? Anapobonyeza, simu inamuuliza apeleke wapi. Kama visanduku vina jina lile la kiwandani, vinaonekana mapacha. Amechagua pacha asiye wake.”

“Changu kina jina langu. Yote matatu.”

“Basi nenda kaangalie.”

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshajua zaidi ya nilivyotaka kujua. Mwenye simu kwetu ni mmoja. Na yeye alijua. Kioo chake kilibaki cheusi akingojea sinema yake, halafu akaisikia ikipiga kelele kutoka kwa baba mkwe, kupitia dirisha nililolikata mwenyewe, lisilo na kioo. Pengine alisikia na swali la dari.

Aibu ya namna hiyo kwetu si ya kucheka. Mkaza mwanangu hakupanda tena. Alipoona koti langu uani alipita nyuma ya migomba. Mboga alizotuletea alizitua kwenye ngazi akageuka. Mke wangu akawa anakaa huko chini mchana na jioni ili asimwache peke yake, na wajukuu wakabaki na mama yao. Kwaya ikaniimbia mimi na viti. Siku ya tatu hivi mke wangu akapanda, akasimama mlangoni bila kuketi.

“Anafunga nguo,” akasema. “Anakwenda kwao Nyamira na watoto. Anasema hawezi kukaa boma ambalo amemvua nguo baba mkwe.”

“Mimi nimevuliwa nini? Waliovuliwa ni wale.”

“Mogaka, usinitanie. Akienda, nakwenda naye, na sijui nitarudi lini.”

“Mwambie sina neno naye.”

“Nimemwambia. Anasema hayo ni maneno yangu, si yako.”

Sasa, mimi ningesemaje? Neno lenyewe haliwezi kutajwa kati yangu naye. Kulisamehe ni kulitaja. Nilizunguka nyumba. Nilikwenda langoni, nikarudi. Halafu nikachukua mzigo wa majani ya nepia, nikashuka hadi banda la ng'ombe, ambalo liko karibu na dirisha la jikoni la mwanangu, nikaanza kumlisha ng'ombe. Nikamwambia ng'ombe, kwa sauti ya kazi, sauti ninayoitia watu walio juu ya paa:

“We ng'ombe, juzi jua lilinipiga machoni sebuleni. Sikuona kitu. Hata wageni hawakuona. Mmoja alikuwa anatazama dari, mwingine viatu.”

Ndani ya jikoni kifuniko cha sufuria kikaanguka. Kisha nikasikia sauti ya mkaza mwanangu, ndogo, akiwatupia kuku mahindi mlango wa pili.

“Nyinyi kuku, kama mwenye boma hakuona, kwa nini alikwenda mjini alfajiri kugombana?”

“Ng'ombe, mwambie kuku nilikwenda kununua chumvi.”

“Kuku, chumvi inauzwa hapo njiani.”

Hapo nilijua hajafunga nguo zote. Nikaongeza majani.

“Ng'ombe, nasikia visanduku viwili vina jina moja. Nilisema changu kipewe langu. Nani alikataa?”

Akatupa konzi nyingine ya mahindi. “Kuku, hakuna aliyekataa. Jina lililosemwa ni zito. Kuku hawezi kulitamka.”

Nilisimama na majani mikononi. Kwetu mke wa mwana hatamki jina la baba mkwe, hilo nalijua tangu nizaliwe. Mama yangu alizeeka bila kutamka la babu. Lakini kuandika kwa kidole kwenye simu, herufi moja moja, kimya kimya, je, huko ni kutamka? Wazee waliotuwekea chinsoni hawakuwa na simu. Yeye aliamua ni kutamka. Kunikatalia hakuweza, kuandika hakuweza, basi akabonyeza endelea, kisanduku kikabaki na jina la kiwandani sawa na kijiti chake. Nilifikiri na sijaona mahali pa kumlaumu. Hata mimi sijilaumu, jina ni langu na kisanduku nilinunua mimi. Lakini nilifurahi, nasema kweli. Katika boma langu bado kuna mtu anayeona jina langu ni zito.

Mke wangu ndiye aliyetoka nje, mikono kiunoni. “Nyinyi wawili mnawachosha wanyama! Ng'ombe ameacha kula. Kisanduku kitaitwa Juu. Kijiti kitaitwa Chini. Kuna mtu atakufa kwa kusema Juu?”

“Ng'ombe anakubali,” nikasema.

“Kuku pia,” ikasema sauti ya jikoni, na nikasikia anazuia kicheko kwa kiganja.

Alipanda siku ile ile, nikatoka, akaandika. Nilimuuliza mke wangu kupitia dirisha jipya kama imeandikwa. “Imeandikwa. Na weka kioo hapa, baridi inaingia.” Kioo niliweka kesho yake, na waifai inapita kiooni vizuri tu.

Yule wa Nyamira hajaenda, isipokuwa kusalimia wazazi, na alirudi na majani chai ya kifurushi kwa ajili yangu, akamkabidhi mke wangu. Siku hizi jioni anaketi kwake, anachagua kwaya au habari, anaturushia kwenye Juu bila sisi kugusa kitu, kisha anajirushia yake kwenye Chini. Zake ni zipi siulizi. Mke wangu siku za mchezo wa kuigiza bado anashuka. Nilitaka kumkataza nikaona ananitazama, nikanyamaza. Siku nyingine anakaa. Anasinzia kabla wimbo wa pili haujaisha, kitambaa kimemwangukia magotini, nami natembea polepole nisimwamshe, naenda langoni, narudi, naye bado yuko pale.

Leo nina hivi. Nyumba ya mawe, sebule moja na vyumba vinne, dirisha moja zaidi ya nililopanga. Shamba lenye hati kwa majina yangu matatu. Migomba sijaihesabu. Majani chai kidogo, upande wa mteremko. Ng'ombe wawili wa maziwa, mmoja ana mimba. Kuku wa mke wangu, ambao ni wake. Televisheni moja na kisanduku kimoja. Viti vinane vyenye vitambaa. Tangi la maji ya mvua. Tindo tatu, nyundo mbili, pima maji moja na kamba. Miparachichi minne, miwili inazaa.